Zima sauti kwanza: maoni yangu kuhusu picha za kale na za sasa

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimeuahirisha sana, kwa sababu mada ya muvi ikigusiwa tu watu wanagawanyika papo hapo. Upande mmoja wazee wa "siku hizi hakuna picha", upande wa pili vijana wa "picha za zamani zinachosha". Mimi sipo kote. Takataka za miaka ya 70 nimeziona, na za mwaka jana nimeziona pia. Ninachotofautiana na kambi zote mbili ni kipimo. Nachukua rimoti, nazima sauti, natazama dakika kama ishirini. Nikiendelea kuelewa nani anamtaka nani, nani anamhofia nani, na nini kimebadilika tangu nilipoanza, hiyo ni picha. Nikipotea, hiyo ni redio yenye mwanga.

Povu ruksa, ila njoo na hoja.

Kipimo hiki kimetoka kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani. TV ya chogo juu ya meza, deki chini yake imefunikwa kitambaa, mabenchi ya mbao, na ukichelewa unakaa sakafuni mbele kabisa shingo ikiwa juu mpaka mwisho. Mlangoni gunia, ili wa nje wasipige chabo. Picha ilikuwa ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, na lugha zote tatu hatuzijui. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na kwenye mkanda uliorudufiwa mara nyingi yalibaki ukungu tu. Lakini ukitoka pale ulimsimulia aliyekosa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukipitwa na kitu mwenzako anakukosoa. Tulisoma macho, tulisoma mikono, tulisoma kamera imesimama wapi. Stelingi, yaani shujaa wa picha, tulimtambua kabla hajafungua mdomo, na adui vilevile.

Na wazee wetu walitutangulia. Empire, Avalon na Odeon pale Dar, Majestic pale Unguja, zilijaza watu wa picha za Kihindi ambao Kihindi hawakijui. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa Unguja kupita kiasi. Mtazameni Raj Kapoor mle ndani: suruali fupi, kofia, mwendo wa kumuiga Charlie Chaplin, yaani mtu aliyepata jina enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti kabisa. Sasa utashangaa nini mpemba akiielewa?

Tuingie ndani.

Picha ninayoiweka juu ya zote ni Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954. Nyeusi na nyeupe, Kijapani, karibu saa tatu na nusu. Najua hapo kuna waliokwisha kimbia uzi. Kijiji cha wakulima kinawaajiri watu saba wa upanga wakilinde dhidi ya majambazi arobaini, ujira wao wali. Mkubwa wao, Kambei, anachora ramani ya kijiji, na ana karatasi yenye viduara: kila kiduara ni jambazi mmoja. Akifa jambazi, kiduara kinapigwa mstari. Basi, imeisha hiyo. Kuanzia hapo unajua wamebaki wangapi, wataingilia upande gani, shamba lipi limejazwa maji na nani analinda wapi. Mvua inanyesha, tope hadi magotini, farasi wanaanguka, na bado hupotei hata sekunde moja.

Na kuna kitu ambacho wengi wanakipita. Majambazi wana bunduki tatu tu. Samurai wanaokufa ni wanne, na wote wanne wanakufa kwa risasi. Hakuna hata mmoja aliyezidiwa kwa upanga. Kyuzo, fundi kuliko wote, mtu asiyecheka wala kusema ovyo, anaangushwa na mtu aliyejificha ndani ya kibanda. Hakuna mzee anayesimama kutuhubiria kwamba zama zimebadilika. Umeona bunduki, umemwona Kyuzo chini kwenye tope, kazi kwako.

Weka pembeni ya hiyo mapigano ya mwisho ya picha nyingi za mashujaa wa nguo za kubana. Anga inapasuka, yanashuka majitu ya kijivu. Mangapi? Hujui. Yanatokea wapi? Juu. Yatakwisha vipi? Kuna kitufe mahali. Kamera haitulii hata sekunde mbili, kila kitu kinang'aa, na kwa kuwa picha yenyewe haisemi kitu, inabidi mtu mmoja apige kelele kuwaeleza wenzake, na sisi, kinachoendelea. Fedha iliyomwagwa pale ingelisha mkoa.

Kurosawa alizaa watoto wengi. Wamarekani waliichukua ile ya samurai wakaigeuza ya makauboi mwaka 1960, The Magnificent Seven. Yojimbo yake ya 1961 Sergio Leone akaifanya A Fistful of Dollars mwaka 1964, na Wajapani wakamshitaki. Ila mjukuu ninayempenda kuliko wote alizaliwa India mwaka 1975, anaitwa Sholay.

Wakuu, hapa mnivumilie kidogo.

Sholay ya Ramesh Sippy kila mtu anaijua kwa Gabbar Singh na kwa nyimbo. Mimi naomba mtazame dakika chache tu. Gabbar, yule jambazi, na watu wake wamevamia kijiji siku ya sikukuu ya rangi. Jai na Veeru, wahuni wawili walioajiriwa kumkamata, wamebanwa. Bunduki iko chini, karibu kabisa na miguu ya Thakur, yule bwana aliyewaajiri. Anachotakiwa ni kuinama airushe. Haiokoti. Anasimama tu, shali mabegani, anaitazama. Wale wawili wananusurika kwa mbinu zao, wanamgeuzia kibao kwa hasira: kwa nini hukutusaidia? Ndipo tunarudishwa nyuma kwenye kisa chake na Gabbar, na tukirejea upepo unaiangusha ile shali. Thakur hana mikono.

Tangu mwanzo wa picha tulimwona amejifunika, tukadhani ni heshima ya mtu mkubwa. Zima sauti, washa sauti, ile shali ikidondoka kibanda kizima kinapiga kelele.

Mle mle kuna Radha, mjane wa familia ile, kila usiku anazima taa za ghorofani moja baada ya nyingine, na Jai amekaa upande wa pili wa uwanja anapuliza kinanda cha mdomo. Hawajawahi kukaa wakazungumza la maana. Mapenzi yote ya picha hiyo yamo kwenye taa zile. Halafu nitazame picha ya mapenzi saa mbili, watu wanaambiana "nakupenda" kila dakika na simwamini hata mmoja!

Na kanuni yetu kuu ya kibandani, "stelingi hafi", Sholay ndiyo iliyoivunja mbele ya macho yetu. Jai anakufa. Amitabh Bachchan anakufa! Watu waligoma kuondoka wakidhani kuna mkanda wa pili. Baada ya kifo ndipo Veeru anagundua ile sarafu waliyokuwa wakirusha kupigia kura ina sura moja pande zote mbili, kwamba rafiki yake alikuwa anajua muda wote nani atabaki nyuma. Sekunde chache, hakuna maelezo, sarafu kiganjani.

Ninachokilaumu ni mwisho. Sippy alipiga mwisho ambapo Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyake vya misumari, bodi ya ukaguzi ikakataa, wakalazimika kuleta polisi wa kumkamata. India ilikuwa ndani ya hali ya hatari mwaka ule, raia kujichukulia sheria halikuwa jambo la kuonyesha. Polisi wanafika kama kawaida yao kwenye picha za Kihindi, kila kitu kimeshakwisha.

Sasa nijibu wadau waliokwisha weka maoni kule chini.

Kuna mdau kaandika: "Mkuu, kwa kipimo chako picha zote za maongezi zinafeli. 12 Angry Men ni watu kumi na wawili wanabishana chumbani, ukizima sauti unabaki na nini?"

Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Sidney Lumet, 1957, dakika tisini na sita, karibu zote ndani ya chumba kimoja. Fanya jaribio. Mwanzoni kamera iko juu ya vichwa vya watu na chumba kinaonekana kipana. Katikati imeshuka usawa wa macho. Mwishoni iko chini, inawatazama kuelekea juu, na dari sasa inaonekana. Lumet alibadilisha lenzi pia, kadiri picha inavyokwenda kuta zinasogea karibu na watu. Unahisi joto na huelewi kwa nini. Halafu yule mzee mbaguzi anaanza kumwaga chuki zake kuhusu "watu wa aina ile", na wenzake wanainuka mezani mmoja mmoja, wanampa mgongo. Unahitaji kusikia anachosema? Migongo imeshajibu.

Mwingine kasema mimi ni mzee ninayechukia teknolojia. Hapana. Teknolojia inapoficha kitu ambacho jicho limeshakiona, hapo ndipo tunagombana. The Irishman ya Scorsese, 2019, ni picha nzuri, na saa yake ya mwisho, uzee na upweke wa yule muuaji, sijaona mfano wake miaka ya karibuni. Lakini kuna mahali Robert De Niro amefutwa makunyanzi kwa kompyuta awe kijana, anamburuta mwenye duka nje na kumpiga mateke barabarani. Uso wa kijana, miguu ya mzee wa miaka sabini na kitu. Anapiga teke huku anatafuta pa kushika. Kompyuta ilimsafisha sura ikasahau magoti.

Na kinyume chake, Mad Max: Fury Road ya George Miller, 2015. Hiyo ina magari, milipuko, mchanga, mikato ya haraka kuliko karibu kila picha ninayoilaumu. Mbona haichoshi? Kwa sababu kila kipande kinapoingia, kitu cha kutazama kipo katikati ya skrini. Jicho lako halihangaiki kutafuta. Mhariri ni Margaret Sixel, mke wa Miller, alikabidhiwa mamia ya saa za picha akatoa saa mbili zinazoeleweka, na Oscar akapewa. Stelingi mwenyewe haongei kitu pale. Max kipande kikubwa cha mwanzo amefungwa chuma usoni.

Parasite, 2019, Bong Joon-ho. Picha ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya picha bora, na imeshasifiwa vya kutosha, kwa hiyo nitasema jambo moja: hesabu ngazi. Matajiri wanakaa juu, maskini nusu ya nyumba yao iko ardhini. Usiku ule wa mvua familia ya Kim inakimbia kutoka kwa matajiri, inashuka ngazi, inashuka tena, inashuka mpaka unajiuliza mji huu una kina gani, na maji yanashuka pamoja nao, wanakuta chumba chao kimejaa maji ya choo. Kikorea sijui hata salamu. Nani anahitaji?

Kwetu Afrika kuna watu walijua haya mapema, ila tunawapuuza kwa kuwa picha zao haziuzwi kwenye flashi za mtaani. Ousmane Sembène wa Senegali, La Noire de..., 1966. Inakaribia saa moja tu. Binti wa Dakar, Diouana, anapelekwa Ufaransa akidhani atalea watoto, anafanywa mtumishi wa kila kitu. Amewapa waajiri wake kinyago, nao wamekitundika ukutani, ukuta mweupe kabisa, kinyago peke yake. Kila Diouana akipita mbele yake unaona wawili hao wako kwenye kifungo kimoja. Siku anakishusha ukutani unajua amekwisha amua. Sitasema zaidi, itafuteni. Ile sehemu ya mwisho ya mtoto na kinyago ndiyo inayonifanya niseme Sembène hakuwa mwanafunzi wa mtu.

Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, 2014. Wenye bunduki wamepiga marufuku mpira. Vijana wanaingia uwanjani na jezi zao, wanakimbia, wanapiga pasi, wanaruka kichwa, golikipa anadaka. Mpira hakuna. Punda anakatiza uwanjani. Wale wa bunduki wakipita na pikipiki, vijana wanajifanya wanafanya mazoezi ya viungo. Nimemwonyesha mtu asiyependa muvi kabisa kipande hicho, akaniomba nirudishe nyuma.

"Bongo Movie umeikwepa makusudi." Sijaikwepa, nilikuwa napanga maneno.

Bongo Movie ya enzi zile za pati wani na pati tuu ndiyo redio yenye mwanga niliyoitaja juu. Sofa, watu wawili, muziki unalia mwanzo hadi mwisho wa sehemu, mmoja anamweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua. Geti linafunguliwa, gari linaingia, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea, anapiga hodi, anakaribishwa. Ukifumba macho hukosi kitu. Unaweza kupika ugali na ukaifuatilia vizuri tu, na nadhani hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake majumbani, sisemi kwa dharau.

Steven Kanumba alikuwa na kitu cha ziada. Aliweza kunyamaza mbele ya kamera na bado ukamtazama, na wengi aliocheza nao hawakuweza. Alipofariki Aprili 2012 tulimpoteza mtu aliyekuwa bado anajifunza, na kasi yake ilikuwa kubwa. King Majuto naye, mwacheni kabisa. Zima sauti, mtazame shingo, macho na mwendo wake, utacheka peke yako. Yule mzee wa Tanga angeweza kufanya kazi mwaka 1920.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilifika Toronto na ilistahili. Unguja ya miaka ya 50, Yasmini anamkimbia mume mzee, anakutana na Denge anayepinga Waingereza. Vichochoro, mwanga wa kibatari, jasho, nguo. Inapita mtihani wangu bila shida. Nina lawama moja: ni nzuri mno kwa macho. Kuna mahali nilitaka kumhofia Denge nikajikuta nasifu ukuta. Riwaya ina hasira zaidi.

Kwa Kenya mimi ni wa Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga. Mwas kijijini anauza DVD za mapigano kwa kuwaigizia wateja kila mpigano, mwenyewe ndiye stelingi na ndiye adui. Yule kijana ni sisi kabisa! Kafika Nairobi tu, amevuliwa kila kitu barabarani. Mchana genge, jioni mazoezi ya jukwaani. Nikiitazama sijui Joseph Wairimu anaanza kuigiza wapi na kuacha wapi.

Halafu kuna hoja iliyonifurahisha kuliko zote: "Mkuu, Lufufu alizima sauti kabla yako."

Kweli tupu. Lufufu na DJ Mack kwetu, DJ Afro Kenya, na ma-VJ wa Kampala, wanaishusha sauti ya mwenye picha na kuweka yao. Wanawapa wazungu majina ya mtaani, wanaongeza utani, wanamtukana adui kabla hajatukanwa. Wasomi wa filamu wanaweza kulia wanavyotaka, lakini mtihani wangu hao jamaa waliufanya mbele ya maelfu ya watu: ondoa maneno yote ya asili, uone kama picha inasimama. Commando ilisimama. Za Jackie Chan zilisimama zote. Za mahakamani na za siasa hata Lufufu asingeweza kuziokoa. Waganda wamekwenda mbali zaidi. Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, 2010, iliyotengenezwa mtaani Wakaliga kwa vijisenti, ina sauti ya VJ Emmie humo humo ndani kama sehemu ya picha. Anaisifia muvi wakati unaitazama. Milipuko ya kompyuta ni ya kuchekesha, ila mapigano yake utayafuata vizuri kuliko ya studio kubwa, maana vijana wale wanapigana kweli na kamera inawasubiri.

Ipo picha moja ambayo kipimo hakiiwezi, nayo ni The Good, the Bad and the Ugly ya yuleyule Leone, 1966. Watu watatu makaburini, duara, macho, mikono karibu na bastola, dakika zinakwenda hakuna anayesema neno. Kwa nadharia yangu ingepaswa kuwa tamu zaidi bila sauti. Si tamu. Bila muziki wa Ennio Morricone ni wanaume watatu wanaosubiri basi. Leone alimtegemea kiasi kwamba kwenye Once Upon a Time in the West muziki ulitungwa kwanza na ukapigwa hapo hapo wakati waigizaji wanacheza. Kwa hiyo Morricone namwacha nje ya sheria. Hao wengine wote washike foleni.

Mwisho kwa leo, maana bando linaniishia: yule aliyeandika kwamba Deewaar inaizidi Sholay. Mwaka mmoja, 1975, waandishi walewale Salim na Javed, Bachchan yuleyule, kwa hiyo pambano ni halali. Nakupa mkono uliochorwa. Mtoto anachorwa chale kwamba baba yake ni mwizi, anakua nayo, na hata asiyesoma Kihindi anaona mtu anayeuonea aibu mkono wake mwenyewe. Nakupa na ngazi za hekalu, mama na mdogo mtu wanaingia, Vijay, yule mwenye chale, anabaki nje. Lakini kilele cha Deewaar ni ndugu wawili wamesimama wanarushiana maneno, na India nzima inakumbuka lile jibu la "mimi nina mama" kwa sikio. Sholay ina shali, taa na sarafu. Kura yangu haijahama. Ukija kuitetea Deewaar njoo na sababu ambayo haianzi na mama.